Mwaka wa Korosho Zilizokataliwa

Tulimzika Mama Ester kule Lituhi, kwenye makaburi yanayotazama ziwa, na mchana wake nikalishwa pilau ya kukodi. Nasema ya kukodi kwa sababu wapishi walitoka Mbinga mjini na gari lao na masufuria yao, wamevaa aproni zenye maandishi, wakapika chini ya turubai kama vile tuko harusini. Pilau ilikuwa na nyama, sikatai. Lakini mwanamke aliyelala ndani ya lile sanduku aliwahi kulisha watoto wa kijiji kizima kwa majani na kokwa, na siku ya kumsindikiza hapakuwa hata na kibakuli kimoja cha kisamvu. Nikanung'unika, tena kwa sauti, maana katika umri wangu huu sioni sababu ya kunung'unika kimoyomoyo. Binti mmoja aliyekuwa akigawa soda akaniinamia kwa adabu. "Shikamoo bibi. Samahani, wewe ni nani wa marehemu?" Nadhani alisikia lafudhi yangu ya milimani, na jina langu halikuwamo kwenye wasifu uliosomwa kanisani. Wasifu ulitaja watoto, wajukuu, vitukuu na kwaya. "Marahaba," nikamjibu. "Mimi ni mpishi mwenzake." Akacheka kidogo, akadhani bibi anatania, akaniongezea soda. Nikaipokea. Ila njia nzima ya kurudi kupanda milima nilikuwa nikijisemea kwamba jambo lile sitaondoka nalo, lazima watu walijue.

Nani alinizaa na nilisoma wapi, hayo nayaruka. Hayajawahi kumshibisha mtu. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, siku zile za ujamaa tulipoambiwa tukae pamoja tulime pamoja. Kijiji chetu kipya kilikuwa ufukweni, kati ya Lundo na Lituhi, na ndani yake walichanganywa watu wa aina mbili ambao kabla ya hapo walikutana sokoni tu. Sisi Wamatengo tulioshuka kutoka Mbuji na milima yake tulikuja na majembe yetu, maharage yetu na mazoea ya baridi. Wenyeji wa ufukweni walikuwa na mitumbwi, mihogo na mikorosho, na walitutazama jinsi tunavyotoka jasho wakacheka. Mama zetu wote, wa juu na wa chini, walitakiwa kwenda shamba la kijiji asubuhi. Watoto wadogo wangebaki na nani? Hapo ndipo alipoingia Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka Tanga, Mwislamu katikati ya Wakatoliki na Waanglikana, mwanamke mnene wa kucheka aliyefunga kanga mbili hata kwenye jua kali. Alianzisha kituo cha watoto: banda moja la nyasi, mikeka, na nyuma yake jiko la mafiga lisilo na ukuta upande wa ziwa. Siku alipokuja kwenye mkutano kuomba wapishi wawili, mmoja wa milimani na mmoja wa ufukweni, mimi nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Shangazi yangu alinivuta gauni nikae. Sikukaa. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba kazi yangu ni kusubiri mchumba, na nilikuwa najua, bila mtu kuniambia, kwamba napika vizuri kuliko wanawake wote waliokuwa wamekaa pale. Kiburi? Ndiyo. Kilinisaidia.

Nilipewa chumba cha kulala kilichokuwa pembeni ya ofisi ya kijiji, kumbe ni stoo. Kilinuka magunia na mafuta ya taa, na ukuta kati yangu na ofisi ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wao. Kwa hiyo mimi niliona matete, na nilisikia kila kitu. Nilisikia nani anadaiwa siku za kazi, nani kamtukana nani, na jinsi karani alivyokuwa akiimba mwenyewe akidhani hakuna mtu. Mpaka leo nikisikia wazee wakikohoa kabla ya kuanza kikao, nanyamaza nitege sikio.

Mpishi mwenzangu wa ufukweni ndiye huyo Mama Ester. Alikuwa mwembamba, mrefu, mkali wa macho, mwenye mjukuu tayari, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "We mtoto wa milimani, utapika ugali wa muhogo wewe?" Nikamwambia nitapika. Nikausonga kama ninavyosonga wa mahindi, kwa nguvu, moto mkali, maji mengi. Ukawa gundi. Mwiko ulisimama wenyewe. Mama Ester akauzunguka ule mwiko akiutazama, akaniuliza, "Sasa huu tule au tuzibie mtumbwi?" Nilikasirika nusura nilie. Kesho yake nikalipiza: nilimpa maharage makavu ayapike, akayatoa jikoni yakiwa bado yanalia kama changarawe, kwa sababu nyumbani kwake mboga ilikuwa samaki, na samaki hangoji. Tukawa hivyo wiki za mwanzo, kila mmoja akimcheka mwenzake, na watoto wakila makosa ya pande zote mbili.

Lakini kosa lililokuwa kubwa kuliko yote ni la kwangu, na hakuna Mmatengo wa wakati ule ambaye asingelifanya. Ulikuwa msimu wa korosho. Kijiji kiliokota, ushirika ukaja kununua, na mnunuzi akachambua: nzuri ndani ya gunia, ndogo na zenye madoa akazitupa pembeni. Lile rundo la zilizokataliwa lilibaki nje ya ghala kama takataka. Mimi sikuwahi kuona korosho ikiwa na ganda lake. Kwetu tulikuwa na karanga: unavunja, unatafuna. Nikajaza beseni, nikazipeleka jikoni, na kwa kuwa upepo wa ziwa ulikuwa unazima moto nikaziba ule upande wa wazi kwa mikeka, nikaweka sufuria motoni, nikazimwaga zote. Kwanza zikatulia. Halafu zikaanza kutema mafuta. Halafu moshi! Moshi mweusi, mkali, unaoingia machoni kama pilipili. Nikakohoa mpaka nikapiga magoti, watoto wakatoka bandani wakipiga kelele, na mimi mjinga, badala ya kukimbia, nikachukua moja iliyoruka chini nikaing'ata nione kama imeiva. Mafuta ya ganda la korosho, kwa asiyejua, yanachoma ngozi kama maji ya betri. Midomo yangu ilivimba jioni hiyo hiyo, na ngozi yake ikaambuka siku zilizofuata.

Mama Ester alipofika mbio kutoka kisimani na kuniona nimeketi mchangani na midomo mfano wa mandazi, alijaribu kunionea huruma. Naapa alijaribu. Akasema, "Pole mwanangu, pole, po—" akashindwa. Alicheka akashika mbavu, akacheka akaketi, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikataka kucheka nikashindwa kwa maumivu, na hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza. Akanipaka majivu na mafuta ya mawese. Keshoye akanifundisha: korosho huchomwa nje, mbali na nyumba, kwenye debe kuukuu lililotobolewa matundu, nawe unasimama upande upepo unakotokea, na zikishawaka unazipindua kwenye mchanga, mchanga unywe mafuta. Kisha unajipaka majivu mikononi ndipo ubangue. "Sisi hizi tunawapa watoto wachache wakati wa msimu, basi," alisema. "Nyingine ni za ushirika." Nikamwuliza, na zilizokataliwa ni za nani? Akatazama lile rundo. Nikaona jinsi linavyomwingia akilini.

Nadhani watu wanaosoma leo, wenye kununua korosho kwenye vipakiti vidogo vya ndege, hawawezi kuelewa maana ya rundo lile. Njaa ya kwetu ilikuwa na miezi yake. Mvua zinapokolea, mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu hayajatoa hata mbelewele, na ziwa nalo linachafuka, mitumbwi haitoki. Mwaka ule miezi hiyo ilikuwa inatujia mbele, na tayari Kandida, mjukuu wa Mama Ester, alikuwa amevimba miguu. Alikuwa mtoto wa kike mdogo tu, nywele zimegeuka rangi ya kutu, hachezi, hacheki, anakaa pale ulipomweka. Kila asubuhi Mama Ester alimketisha karibu na mafiga ili amwone akipika. Hakuwahi kuniambia anaogopa. Alikuwa akimsemesha tu, "Kandida, tazama moshi unavyokwenda. Kandida, nipe kijiko," na mtoto hakunyoosha mkono.

Mchana mmoja, nimelala stoo na homa kidogo, nikasikia kikohozi cha wazee upande wa pili wa matete. Ilikuwa kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Yordani, alikuwa Mmatengo kama mimi, mtu wa haki, mlimaji kweli kweli, na sauti yake ilikuwa nzito. Akasema unga wa ghala hautafika mavuno. Akasema, "Jiko lile linapika unga wa kijiji kwa watoto wasiolima, na linashika wanawake wawili ambao wangekuwa shambani." Mmoja akadakia kwamba hata wakati wa mababu watoto walikwenda shamba mgongoni. Mwingine, mwenye sauti nyembamba, akasema, "Hao wapishi kama ni hodari, wapike majani." Wakacheka. Mzee Yordani hakucheka. Akasema basi, kuanzia leo ghala halitoi unga kwa kituo. Kama wapishi wataweza kuwalisha watoto bila ghala, jiko libaki, mpaka kamati itakapoketi tena katikati ya mvua. Wakishindwa, masufuria yarudi na wanawake wakashike jembe. Niliruka kitandani homa ikaniacha. Nilikimbia hadi jikoni, nikamwambia Mama Ester neno kwa neno. Yeye akamtazama Kandida. "Mgongoni," akasema. "Mtoto huyu wa kubebwa mgongoni kwenye mvua kutwa nzima."

Tukaenda kwa Bi Zuhura. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa nyumba pekee kijijini yenye pazia, pazia la maua ya buluu, na ndani palinuka iliki. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatupa wali uliobaki, mkavu, akaomba radhi: "Hauna nazi, wanangu. Tangu nije huku nakula wali yatima." Tukamweleza. Akaacha kutafuna. "Mimi mtumishi," akasema. "Nikisimama nibishane na kamati, watasema serikali imenituma kuwagombanisha. Lakini kupika hakuna aliyenikataza." Akaniuliza nina nini. Nikamtajia: kisamvu, majani ya maboga, karanga, njugu mawe, na rundo la korosho ambazo hata mwizi hakuzitaka. "Korosho?" Akainuka, kanga zake mbili na yeye. "Lahaula! Mna korosho, na mimi nakula wali yatima?"

Kilichotokea wiki hiyo pale jikoni sijakiona tena maishani mwangu. Bi Zuhura alitwanga korosho zilizobanguliwa, akamwagia maji ya uvuguvugu, akakamua kwa kitambaa, na likatoka tui jeupe, zito, akaonja akafumba macho. "Mashallah. Kwetu wakisikia watanifukuza." Tukaunga kisamvu kwa tui lile. Mama Ester alionja, akasema hakina chumvi, akaonja tena, akamaliza. Halafu yeye akaleta lake: usipa, dagaa wa Nyasa, waliokaushwa na kutwangwa unga, unanyunyizia juu, hakuna mtoto anayechambua miiba. Mimi nikaleta la milimani: maboga kupondwa na njugu mawe zilizochemshwa mpaka zikalainika. Tukagombana juu ya kila sufuria. Tukagombana kama kuchuja tui au kutochuja, na mimi nikashinda, kwa sababu yale machicha ndiyo yanayoshibisha. Tukagombana juu ya masuku, yale matunda ya porini ya manjano ambayo kwetu na kwao watu huyafyonza njiani na kutema kokwa: nilisema tuyaponde tuyachuje kwenye uji wa muhogo badala ya sukari, wao wakasema uji utakuwa mchachu. Watoto walilamba bakuli. Nikatembea kifua mbele siku nzima.

Mabibo ndiyo yaliyotuletea vita. Tunda la korosho, lile bibo lenyewe, lilikuwa mali ya wanaume, maana walilikamua pombe, na kulichukua ilikuwa kuchokoza nyuki. Tukaomba yaliyoanguka. Wakatucheka, wakasema, kuleni, lina ukakasi litawakaba koo. Ni kweli, bibo likipikwa hivi hivi linakamata ulimi. Tulijaribu hivi, tukajaribu vile, tukatupa. Mwishowe Mama Ester akalikata vipande, akalikamua maji, akalichemsha kwa chumvi, akamwaga yale maji, akalichemsha tena, na ukakasi ukaisha. Likawa mboga yenye nyama ya kutafuna. Tulianika vipande juu ya paa la kituo hadi vikawa kama ngozi. Watu wakipita walisema wale wanawake wameanika ndala.

Mvua zikaja. Zilinyesha kama zimetumwa. Ziwa likawa la udongo, mitumbwi ikapinduliwa ufukweni, na nyumba nyingi zikabaki na mlo mmoja. Ghala halikutoa unga kwetu, na sisi hatukuomba. Kulikuwa na siku tulipika uyoga uliookotwa alfajiri na karanga zilizosagwa. Kulikuwa na siku ya magimbi matupu na tui. Kulikuwa na siku moja mbaya sana ambapo moto ulikataa, kuni zimeloa, na watoto wakakaa wakitutazama, na Mama Ester akavunja kinu kikuukuu cha mama yake akakitia jikoni, akasema, "Kitafanya nini kama hakuna wa kutwangia?" Na Kandida? Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua, lakini alikuwa bado mkimya, na sisi tulikuwa tumeacha kuutaja ugonjwa wake, tukihofia kuuita. Halafu asubuhi moja nikahesabu korosho nilizobangua, nikaona zinapungua. Nikamshuku Mama Ester, yeye akanishuku mimi. Tukageuka. Kandida alikuwa amesimama mwenyewe nyuma ya ungo, mashavu yamejaa, anatafuna, na alipotuona akakimbia. Mnasikia? Alikimbia! Mama Ester aliketi chini kwenye matope akapiga vigelegele peke yake, mvua inamnyeshea.

Nilidhani tumeshinda. Kumbe bado. Kupitia matete nikasikia tena kikohozi, na yule mwenye sauti nyembamba akasema watoto kweli wanakula, lakini palizi imezidi, na wanawake wawili ni wanawake wawili. Jiko lifungwe, litafunguliwa baada ya mavuno. Wengi wakakubali. Mzee Yordani akasema watakuja Jumamosi mchana wenyewe, wawaambie wapishi uso kwa uso, ndiyo heshima. Nikajua kwamba wakishatamka pale mbele za watu, basi. Bi Zuhura alisema hivyo hivyo: neno la kamati likishatoka, hata yeye hawezi kulirudisha kinywani mwao. "Labda wasilitoe," akasema, akatuacha tufikiri.

Ni mimi niliyefikiri. Kwetu Umatengo kuna sengu. Ni mlo wa ukoo: wanaume na watoto wa kiume hula pamoja kwa mzee wao, na kila mke huleta chungu kutoka nyumbani kwake, na vyungu vikishawekwa katikati hakuna tena cha mke wa fulani, ni vya wote. Mashauri huja baada ya kula, kamwe si kabla. Ukiikuta sengu imetandikwa huipiti, unaketi. Na mwenye sengu ndiye anayesema mwisho. Akishasema, wanawake huchukua vyombo vyao, watu hutawanyika, na shauri limekwisha. Nilipomweleza Mama Ester alikunja uso. "Kwa hiyo wanakula kwanza halafu wanafunga jiko wakiwa wameshiba. Tutakuwa tumewapa nguvu." Nikamwambia, wewe hujakulia kule. Mtu wa kwetu akishakula sengu ya mtu, hana tena ulimi wa kumvunjia mafiga. Akaniangalia sana. Kisha akajifunga kanga akaenda nyumba hadi nyumba za ufukweni, mimi nikaenda za milimani, na ujumbe ulikuwa mmoja: kila mwenye mtoto kituoni alete chungu cha kitu kilichoota hapa hapa, kisichotoka ghalani.

Jumamosi mvua ilitupa nafasi. Tulitandika mikeka mbele ya banda, na vyungu vikaja. Kisamvu cha tui la korosho. Maboga na njugu mawe. Mabibo yaliyokaushwa, yameungwa na usipa. Uyoga wa karanga. Ndizi mbichi zilizopikwa na karanga mpaka rojo likawa jekundu. Magimbi yanayofuka. Uji wa muhogo wenye masuku ya mwisho ya msimu. Watoto tuliwaketisha duara la ndani, wa kiume na wa kike pamoja, jambo ambalo sengu haijawahi kuliona, na nafasi za wakubwa tukaziacha wazi nyuma yao. Kamati ikatokea njiani, Mzee Yordani mbele, uso umefungwa tayari kwa maneno. Akafika. Akaona vyungu katikati. Akasimama. Yule mwenye sauti nyembamba, ambaye naye alitoka kwetu, alianza, "Tumekuja kuwatanga—" na Mzee Yordani akainua mkono. Akavua kofia. Akaketi. Wakaketi wote.

Bi Zuhura alipitisha maji ya kunawa, macho chini, mtumishi mtiifu wa serikali. Wakala. Mwanzoni kwa adabu, ncha za vidole. Halafu nikamwona karani akivuta chungu cha mabibo, akatafuna, akauliza ni nyama gani, akaambiwa, akakataa kuamini, akachota tena. Mmoja wa wale waliotucheka kuhusu ndala alilifuata lile rojo la ndizi hadi pembezoni mwa chungu. Kandida akainuka na bakuli lake, akatembea kwa miguu yake myembamba iliyonyooka, akaenda kukaa katikati ya magoti ya Mzee Yordani kama vile ni babu yake, akaanza kumchotea yeye maboga. Mzee alimtazama miguu. Alimjua mtoto yule. Alikuwa ameshawahi kuzungumza na fundi seremala habari za sanduku lake, maskini, kimya kimya, jambo nililolisikia kwenye matete na sikumwambia Mama Ester hadi tulipozeeka. Akala kile alichochotewa. Wote wakala mpaka vyungu vikaonyesha chini.

Wakanawa. Mzee Yordani akapiga kikohozi chake, nikajua ndipo. Lakini hakutangaza. Alizungusha macho, akauliza kwa Kimatengo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wa ufukweni wasikie, "Sengu hii ni ya nani?"

Ndugu zangu, hilo sikuwa nimelipanga. Sengu haikosi mwenyewe, na mwenyewe siku zote ni mzee mwanamume. Adabu ilikuwa nimwambie, ni yako, baba. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Halafu nikaona: nikimpa yeye, nampa na neno la mwisho, na alikuja nalo tangu nyumbani. Shangazi yangu alikuwa kwenye kundi la wanawake, akanitazama kwa macho ya kunivuta gauni.

"Ni yangu," nikasema. "Mimi Matilda."

Yule mwenye sauti nyembamba akaangua kicheko. "Binti mwenye sengu! Tangu lini?"

Mzee Yordani akamgeukia. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula kwake. Nyamaza." Kisha akanigeukia mimi, mikono juu ya mabega ya Kandida, na akaniambia kama wanavyoambiwa wazee, "Mwenye sengu, sema. Tunakusikiliza."

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, juu ya akina mama, juu ya taifa, juu ya watoto. Yote yaliyeyuka. Nikasema, "Jiko halifungwi. Mimi na Mama Ester hatuendi palizi. Kesho kutwa ni kisamvu."

Sikuwa na kingine. Nikasimama pale nikiwa sijui kama nimeshinda au nimejiaibisha maisha. Ndipo Mama Ester, ambaye hakuwahi kuiona sengu tangu azaliwe ila nilimweleza kwamba mwenyewe akishasema wanawake huchukua vyombo vyao, akainuka katikati ya wanawake, akapita mbele ya kamati bila haraka, akachukua chungu chake kitupu, akakiweka kiunoni, akaondoka. Mke wa Mzee Yordani akainuka wa pili.